Raba ya hapa hapa: shajara ya jozi ya kwanza, Mombasa

Wiki ya 1

Mwanzo wake ni mtoto wa dada yangu. Alikuja dukani Majengo Ijumaa baada ya swala, akavua kiatu cha kushoto na kukiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya sare za shule. "Mjomba, nishonee." Nilitia kidole kwenye tundu, kikapita mpaka ndani. Tundu lenyewe lilikuwa ubavuni, karibu na kidole kidogo cha mguu, wala si chini ya soli kama nilivyozoea kuona. Kiatu cha kulia kilikuwa kizima, hata vumbi kidogo tu.

Yeye na wenzake huteleza na skeitibodi jioni, upande wa Mama Ngina ambako sakafu ni nzuri tangu paliporekebishwa 2019. Juu ya ule ubao pamebandikwa msasa, msasa kweli kama wa seremala, ili mguu usiteleze. Kuruka na ubao ni lazima mguu wa mbele uukwangue kwa ubavu kwenda juu. Kwa hiyo kila mruko ni kama kukipiga kiatu randa. Anasema raba ya turubai haimfikishi mwezi, na ya ngozi ya swedi humvumilia zaidi.

Nikamuuliza amenunua wapi. Soko la Kongowea, mtumba, elfu moja na mia mbili. Hapo ndipo nikajiponza kwa mdomo wangu: "Hiki kiatu si tunaweza kukitengeneza hapa hapa?" Akacheka. "Haya, kitengeneze, mjomba."

Nimekata jinzi za Marekani miaka kumi na moja katika kiwanda cha nguo cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, kabla sijafungua duka langu. Suruali za watu wa mbali zilitoka mikononi mwetu, maelfu kwa siku. Raba imetushinda wapi? Nimenunua daftari. Nitaandika kila kitu humu, hata aibu.

Wiki ya 2

Nimempata mwenzangu: fundi viatu wa Mwembe Tayari, mzee wa makubadhi na viatu vya ngozi, ambaye mimi na wengi wa rika langu tunamwita Ami. Amekubali kwa sharti moja, kwamba Ramadhani tusimame. Nimekubali.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuua viatu viwili. Tulinunua Kongowea kiatu cha kukimbilia na kiatu cha skeiti, tukavipasua katikati kwa msumeno wa chuma kuanzia kidoleni hadi kisiginoni. Ami alivitazama kama daktari anavyotazama picha ya eksirei.

Kiatu cha kukimbilia kina tabaka nyingi: wavu wa juu, soli ya ndani, povu nene la kati, na mpira mwembamba chini. Siri yote imo kwenye lile povu. Ni plastiki iitwayo EVA. Punje za plastiki huchanganywa na dawa ya kuumua, kama hamira kwenye mahamri, zikapikwa ndani ya kalibu ya chuma kwa nyuzi 170 hivi. Kalibu ikifunguliwa, soli inaruka nje ikiwa kubwa kuliko tundu lililoizaa. Kwa hiyo anayechonga kalibu lazima ajue kabla povu litaumuka kiasi gani. Na kalibu ni moja kwa kila namba, kushoto na kulia: kuanzia 36 hadi 45 ni matundu ishirini ya chuma, kabla hujauza hata jozi. Ukibadilisha umbo la kisigino, unaanza upya.

Siku hizi ukitaja viatu vya kukimbilia Kenya, lazima mtu akutajie Kipchoge na ile 1:59:40 ya Vienna, kisha atikise kichwa: "na viatu ni vya wenyewe." Nimeisikia mara nne wiki hii. Lakini wako waliojaribu, na haki yao wapewe. Enda, kampuni ya viatu ya Kenya, walichangisha pesa kwenye mtandao wa Kickstarter mwaka 2016, wakatoa kiatu walichokiita Iten, kisigino kimepanda milimita 4 tu kuliko vidole, kikaunganishwa huku huku Pwani, Kilifi. Hata wao walianza kwa kuleta sehemu nyingi kutoka nje na kuziunganisha hapa. Na wenye pesa zao je? Adidas walijenga viwanda vya roboti Ansbach, Ujerumani, na Atlanta, Marekani, ili watengeneze viatu karibu na wanunuzi. Novemba 2019 wakatangaza kuvifunga, na ujuzi ule wakaupeleka kwa watengenezaji wao wa Asia. Kwa hiyo nimekiweka kiatu cha kukimbilia kando. Sijakikatia tamaa. Nimekiweka kando tu.

Kile cha skeiti, Ami alikigeuza mara mbili, akasema: "Hiki ni Ngoma." Alikuwa na maana ya zile raba za Bata tulizovaa shuleni, zinazotoka Limuru. Alisema kweli. Apa, yaani sehemu ya juu ya kiatu, ya swedi na turubai, soli bapa ya mpira, na utepe wa mpira uliozunguka kiatu chote kufunga kiungo. Hamna povu la ajabu wala kalibu ya umbo la kisigino. Soli hukatwa kwenye bapa la mpira kwa kisu, kama ninavyokata kola.

Wiki ya 3

Nimesoma usiku tatu. Viatu vya aina hii huunganishwa mpira ukiwa bado mbichi, halafu kiatu kizima kinapikwa. Joto na salfa huushikamanisha mpira na mpira, na mpira na kitambaa, mpaka vikawa kitu kimoja. Mambo haya Charles Goodyear aliyagundua Marekani 1839. Mpira mbichi ulikuwa unanata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Ukichanganywa na salfa na kupikwa, unatulia. Salfa ndiyo wazee wetu waliyoiita kiberiti, kabla neno halijahamia kwenye njiti. Kwa hiyo teknolojia tunayoitafuta ina umri wa karibu miaka mia mbili, wala haihitaji roboti.

Vans, kampuni ya viatu vinavyopendwa na watu wa skeiti, walianza hivyo hivyo, Anaheim, California, Machi 1966: kiwanda nyuma, duka mbele. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza wateja walichagua asubuhi wakaja kuchukua viatu vyao jioni. Vijana wa skeiti walivipenda kwa sababu soli ilishika ubao, na aliyeharibu kimoja aliweza kununua kimoja. Miaka ya 1990 walifunga viwanda vyao vya huko na kazi ikahamia nje. Sijui kwa nini habari hii ilinipa moyo badala ya kunivunja. Labda kwa sababu ilionyesha kilichowaondoa nyumbani ni bei. Kazi yenyewe waliiweza.

Alhamisi nilikwenda Changamwe kumwona fundi wa pancha. Nimepita pale miaka yote bila kuona. Anachubua tyubu kwa msasa, anapaka gundi, anaweka kiraka cha mpira mbichi, anakibana kwa kile chuma cha umeme, anasubiri. Kupima joto anatema mate kwenye chuma: yakiruka, tayari. Akaniambia nijaribu kubandua kiraka. Nilibandua mpaka ukucha ukauma. Tyubu ilitaka kuchanika kabla kiraka hakijaachia.

"Sasa ukitaka kukibandua," akaniambia, "labda ukate."

Ndiyo maana akala hukatwa na kupigwa misumari tangu hapo. Mpira wa tairi umeshaiva, na mpira ulioiva haurudi ubichi, kama yai lililochemshwa. Huwezi kuuyeyusha ukaumwaga upya. Sisi tunataka mpira ambao haujaiva bado.

Wiki ya 4

Mpira mbichi tumeupata kwa watu wanaovisha tairi za malori mpira mpya, Jumanne ya wiki hii. Wana marobota yake, mweusi tii, salfa imeshachanganywa ndani, unangoja joto tu. Wameniuzia mabaki kwa kilo. Weusi wake ni masizi, yanayoufanya mpira usilike upesi. Mtoto wa dada alitaka soli ya rangi ya asali kama za wenzake. Nimemwambia asubiri.

Tatizo lililojitokeza siku ya pili: joto la Mombasa lenyewe linaanza kuuivisha. Kipande nilichokiacha kwenye bati la nyuma kimekakamaa ukingoni. Kwa hiyo mpira sasa unalala kwenye friji, rafu ya chini, karibu na samaki. Mke wangu ameniuliza swali moja tu: "Na huyu changu atanuka tairi?" Nimenunua mfuko wa kufunga.

Kando kidogo. Mpira wa mti si lazima tuuagize kutoka Asia. Vuka mpaka wa Tanzania pale Horohoro, nenda Muheza, kuna shamba la mpira la Kihuhwi, na lingine la Kalunga huko Kilombero, yote chini ya shirika la maendeleo la Tanzania, NDC. Yalikuwa ya kulisha kiwanda cha tairi cha General Tyre, Arusha. Muheza ni karibu kwetu kuliko Nairobi. Nimeiandika hapa ili nisiisahau.

Wiki ya 5

Treni ya SGR asubuhi, soko la Kariokor, Nairobi, mchana. Soko lile lilipata jina kutoka Carrier Corps, wapagazi wa vita vya kwanza, kama Kariakoo ya Dar. Leo ni viatu vya ngozi, mikanda, na mafundi wanaokata ngozi bila kuitazama.

Nilikuwa nadhani swedi ni mnyama fulani. Kumbe ngozi ya ng'ombe ni nene, hupasuliwa tabaka mbili, la juu linakuwa ngozi laini ya viatu vya ofisini, na la chini, lililokuwa upande wa nyama, likisuguliwa linatoa manyoya mafupi. Hiyo ndiyo swedi. Kwa hiyo kitu bora kwa skeiti ni tabaka la pili, lile la bei nafuu. Kuna haki duniani mara moja moja.

Jambo lililoniumiza ni hili. Ng'ombe tunao na ngozi tunazo, lakini nyingi bado huenda nje zikiwa zimepikwa nusu tu, zile za samawati zilizolowekwa kromiamu, na kumaliziwa huko. Muuzaji alinionyesha moja, bado ina ubaridi wa maji, rangi kama sare ya shule ya msingi. Akaniuzia swedi nyeusi futi tano mraba. Nilikwangua kipande kwa msasa namba 80 pale pale mezani pake, mikwangua hamsini. Ikachakaa lakini haikupasuka. Turubai niliyokuja nayo ilipasuka kwenye ya kumi na nane.

Wiki ya 6

Wiki yangu hii, sikutaka iishe. Kupata ramani ya apa, unaifunga lasti, ule mguu wa bandia ambao kiatu hujengwa juu yake, kwa selotepu ya karatasi. Unachora kiatu juu ya selotepu kwa penseli, unachana kwa wembe, unabandua, unalaza kwenye karatasi. Hailali. Mguu ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo utapasua hapa na kubana pale, na ujuzi wote ni kujua uongo uuweke wapi. Mkata nguo anaujua uongo huo: ni wa bega na kwapa. Ami alinitazama nikifanya, akasema, "Wewe ulipotelea kwenye suruali bure."

Ubavuni, pale anapokwangua, nimeweka swedi mbili badala ya moja, na kati yake kipande cha mpira. Mishono mitatu badala ya miwili, na mshono wa tatu nimeusogeza nyuma ya mstari wa hatari, ili ikikatika miwili apa isifunguke. Cherehani yangu, Juki ya bapa, haifiki kwenye kisigino. Ami amekishona kwa mashine yake ya mkono, ile ya zamani yenye gurudumu, ambayo inageuka upande wowote kama feni.

Wiki ya 7 na ya 8

Lasti. Laiti ningejua, ningeanza nazo.

Nilinunua jozi ya plastiki, namba 42, kwa mtu aliyekuwa anafunga karakana. Namba za Ulaya hukua theluthi mbili za sentimita kila moja, kwa hiyo 42 ni lasti ya sentimita 28 barabara, pamoja na nafasi ya mbele ya vidole. Niliipima kwa rula: 28. Furaha. Ami akaishika, akagonga kwa kucha, akauliza, "Hii utaipika?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiatu cha aina hii hupikwa kikiwa kimevaa lasti. Tuliiweka lasti kwenye tanuri la mkate kwa nyuzi 115, saa nzima, tukaibana kwa koleo. Kisigino kiliingia kama embe bivu. Lasti za raba za kupikwa ni za aluminiamu. Aluminiamu inauzwa wapi ikiwa na umbo la mguu?

Haiuzwi. Inamwagwa. Kuna mafundi wa sufuria, wanaoyeyusha pistoni za injini na masufuria yaliyopasuka, wakamwaga kwenye mchanga. Nilimpa mmoja wao lasti ya plastiki aibonyeze mchangani. Hakuuliza ni ya nini. Amewahi kumwaga nanga, vitasa vya milango, na mkono wa sanamu. Asubuhi alinipa mguu wa kung'aa, mzito, mzuri. Nikaupima: sentimita 27.6.

Milimita nne zimekwenda wapi? Ami alidhani mchanga umebomoka. Fundi wa sufuria akacheka: "Chuma kinarudi kikipoa, kama kitenge ukikifua." Nikataka kujipiga kofi. Miaka kumi na moja naongezea kitambaa posho ya kurudi, halafu chuma kinanishinda. Aluminiamu hurudi asilimia moja na nukta tatu hivi. Sentimita 28 hupoteza milimita tatu na nusu na ushei, zaidi ya nusu ya namba nzima. Nilivisha lasti ya plastiki tabaka za selotepu mwili mzima, nikabandika karatasi ngumu kidoleni na kisiginoni. Ya pili ikatoka 28 kasoro unywele.

Kisha aibu ya mwisho ya wiki hizi. Tulivuta apa ya majaribio juu ya lasti, tukaifunga chini, tukakaa kunywa chai. Namna ya kuitoa lasti hatukuwa nayo! Kiatu kimeikumbatia kisiginoni, haitoki mbele wala nyuma. Nilikata apa kwa mkasi, futi moja ya swedi imekwenda. Tumeipeleka lasti kukatwa kabari juu, pale penye mgongo wa mguu, kabari hiyo inashikiliwa na pini. Unatoa pini, unatoa kabari, lasti inalegea.

Na hesabu nimeifanya leo usiku. Lasti hukaa ndani ya kiatu tangu kuvutwa apa mpaka kupoa, karibu saa tatu kwa mwendo wetu. Ukiwa na jozi moja ya lasti, kwa siku unatoa jozi tatu ukijitahidi, na zote ni namba 42. Mafundi kumi hawatakusaidia. Kinachoamua ni una miguu mingapi ya aluminiamu ukutani.

Wiki ya 9

Shule zinafunguliwa. Sare. Hakuna raba.

Wiki ya 10

Upishi wa kwanza. Mwenye tanuri la mkate alitupa nafasi baada ya mkate wa jioni kutoka, kwa sharti la kufagia. Nyuzi 120, saa moja. Harufu ya kiberiti ilitoka mpaka barabarani, watu wawili wakauliza kama kuna waya unaungua.

Tulipokikata, soli ilikuwa na vitundu ndani kama mkate wa sinia, na utepe umeinuka mahali pawili kama malengelenge. Unyevu uliokuwa kwenye turubai na hewa iliyonaswa kati ya tabaka vilipanuka wakati mpira ungali laini. Vilikosa kitu cha kuvikandamiza. Fundi wa pancha ana kibano. Tanuri la mkate lina hewa tupu.

Mwenye tanuri amesema tusirudi. Ana haki.

Wiki ya 11

Presha kuka ya hoteli, ile kubwa ya kuchemshia maharagwe, nimeinunua kuukuu na haitarudi jikoni kamwe. Tumeitia geji na kipimajoto. Maji kidogo chini, kigoda cha chuma juu yake, jozi juu ya kigoda. Tulifanyia uani, mbali na watoto, na vali tuliijaribu mara tatu tupu kabla hatujaweka kiatu, kwa sababu chombo cha mvuke si cha kufanyia mzaha. Geji ikisoma bari 1, ndani ni nyuzi 120, na mvuke unakandamiza kiatu pande zote. Yaani presha kuka inafanya kazi mbili nilizohitaji, ya moto na ya kibano.

Dakika hamsini. Tukazima, tukangoja ipoe, tukafungua.

Ami alibonyeza utepe kwa ukucha wa gumba. Mpira mbichi huacha alama ya ukucha, na hukaa. Huu uliingia ukarudi. Akabonyeza tena mahali pengine, akabonyeza soli, akabonyeza kidoleni. Kisha akakaa kwenye kigoda chake bila kusema neno, akatoa kitambaa, akajifuta miwani.

Turubai ilikuwa na madoa ya maji, matone ya mfuniko. Jozi iliyofuata tumeifunika kwa bati lililokunjwa kama paa, madoa yakaisha.

Jumla mpaka leo: viatu tisa vimepikwa, vizima vinne. Kimoja kimeharibika kwa sababu nilisahau kuchubua swedi kwa msasa kabla ya kupaka gundi, na mpira ukabanduka mzima kama ganda la ndizi.

Wiki ya 12

Hesabu ya jozi moja, kama ilivyo kwenye daftari, kwa shilingi: swedi 450, turubai na bitana 120, mpira 300, gundi na uzi 90, kamba na macho yake 60, soli ya ndani 80, gesi 150, mikono ya watu wawili 700. Jumla 1,950. Kodi ya duka haimo. Vile vitano vilivyoharibika havimo. Lasti hazimo.

Kongowea jozi ya mtumba ni 1,200, na kwa mtu mwenye mdomo mtamu ni 900. Mtumba hauna wa kumlipa mshonaji, alishalipwa zamani na mtu mwingine. Nilimwonyesha Ami. Akasema bei ya makubadhi yake pia inashindwa na ndara za plastiki tangu miaka ya sabini, na bado anakula. Jibu hilo halijaniridhisha lakini nimeliandika.

Kwa hiyo swali nililomwuliza mtoto wa dada nimepata jibu lake nusu. Raba ya skeiti inatengenezeka Mombasa, tangu apa mpaka soli, kwa vitu vilivyokuwa vimekaa mjini siku zote: kwa wa pancha, kwa wa tairi, kwa wa sufuria. Kiatu cha kukimbilia tunaweza kukiunganisha, lakini moyo wake, lile povu na kalibu zake, bado utatoka melini Kilindini. Raba kwa bei ya mtumba hapana, si leo.

Wiki ya 13 hadi ya 15

Amevaa. Siku ya kwanza lawama mbili: ni vizito, na soli inashika ubao mno, hawezi kuusogeza mguu katikati ya mruko. Uzito ni kweli, nimepima kwa mizani ya duka la jirani: cha mtumba gramu 380, chetu 510. Nilikata soli kwenye bapa nene kupita kiasi kwa woga wa vitundu. Milimita sita zitakuwa nne. Kuhusu kushika, baada ya siku nne alisema sasa ni sawa, kisha baada ya wiki akasema vya wenzake vinateleza.

Siku ya ishirini na moja amevileta. Nimevichunguza kwa taa. Cha kushoto, ubavuni, mshono wa kwanza umekatika, wa pili umechakaa, wa tatu mzima. Swedi ya juu imeisha na kile kipande cha mpira kimeanza kuonekana, cheusi, kinang'aa. Bado hakijatoboka. Utepe umeachia kidogo pale kiatu kinapokunjwa kwenye vidole, sentimita mbili hivi. Ami anasema gundi ya utomvu ilikauka kupita kiasi kabla hatujabandika, siku ile upepo wa kusi ulikuwa mkali. Cha kulia kama kilivyotoka presha kuka.

Alikuja na wenzake wawili. Mmoja alivishika, akavinusa, akavirudisha. Mwingine alikuwa kimya muda wote, kisha akavua kiatu chake cha kushoto, swedi nyeusi, tundu mahali pale pale. Cha kulia hakukivua.

"Shikamoo, Ami. Mnauza kimoja?"

Ami alinitazama mimi. Mimi nikamtazama mtoto wa dada, naye akatazama dari.

"Hakitafanana na hicho kingine," nikasema.

"Kwani nani anaangalia miguu, nikiwa juu ya ubao?"

Ami alishanyanyuka. Alitoa lasti kwenye msumari, akatoa pini, akaipangusa kwa fulana.

"Namba ngapi?"

Daftarini, mstari wa mwisho wa leo: kushoto, 42, swedi nyeusi, soli milimita nne, kimoja. Amelipa mia tano mbele.